Mmeitikia "Milele na Milele"

Haya ni maneno niliyoyasema Jumapili mchana kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha kufa na kuzikana, hapa Moshi mjini. Nayaweka yote kama yalivyotoka, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika kwa sababu walikuwa wamesindikiza mwili Rombo. Zile picha za ukutani nimeziacha. Nusu yake hazikuonekana hata kwa waliokuwepo, umeme ulikuwa unakatika.

Tumsifu Yesu Kristo! (Milele na milele, amina.)

Bwana Yesu asifiwe! (Amen.)

Ndugu mwenyekiti, ndugu katibu, ndugu mweka hazina ambaye leo umekaa pale mlangoni ili asitoke mtu bila kulipa ada, wazee wetu, mama zangu, na nyie vijana wachache mliotumwa na wazazi: wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu.

Mmeitikia vizuri. Wakatoliki mmesema "milele na milele" bila hata kufikiri, kama mtu anayejibu hodi. Nawauliza jamani, mnajua mlichosema? Milele na milele! Ada ya mwaka mmoja tu inatushinda.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Mama, njoo utupe neno, dakika ishirini, ila lisiwe la kutisha." Nikamwambia, baba, chama chenyewe kinaitwa cha kufa na kuzikana, mimi nije kuzungumzia nini, kilimo cha parachichi?

Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka 31 nimefanya kazi wodini, mingi yake zamu ya usiku. Si mchungaji. Ni mzee wa kanisa tu kwenye usharika wangu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri. Kwa hiyo nikikosea, wachungaji na mapadre mpo, mtanirekebisha kwenye chai.

Nimeisoma katiba ya chama chetu, na ni katiba nzuri. Inasema nani analeta maturubai, nani viti, nani sufuria, nani anashika daftari la rambirambi. Na kuzika tunajua! Mchaga hata akifia Mwanza, hata akifia ughaibuni, tutachanga mpaka arudi kihambani, shamba la ukoo, alale karibu na migomba ya babu yake. Ila kuna swali moja halimo kwenye katiba. Huyu tunayemzika, ndiyo basi? Swali hilo tunamwachia mchungaji au padre, naye tunampa dakika kumi kwa sababu mawingu yamekusanyika mlimani na pilau linapoa.

Leo nalichukua mimi.

Naanza na maneno tunayoyasema msibani, kwa sababu mengine tunayasema bila kuyapima. Usiku mmoja, wodi ya watoto, mama mmoja kijana alifiwa na mtoto wa miezi minane. Nimonia. Shangazi yake alikuwepo, mtu mwema kabisa, mtu wa sala. Akamshika bega akamwambia, "Nyamaza mwanangu. Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi." Yule mama akainua uso. Hakupiga kelele. Aliuliza polepole, "Shangazi, kwani Mungu hana watoto wengine, mpaka achukue wangu mmoja?"

Nilikuwa nimesimama na shuka mkononi. Sikuwa na jibu. Shangazi naye hakuwa nalo.

Nimekuja kulipata baadaye sana, kwenye mstari mfupi ambao watoto wa shule ya Jumapili huukimbilia wakiambiwa wataje aya kwa kichwa: "Yesu akalia machozi." Yohana 11. Lazaro amekufa siku nne, Martha anaonya kwamba sasa ananuka. Yesu anajua, tazameni, anajua kwamba muda si mrefu atamwita atoke kaburini. Na bado analia. Kama kifo kingekuwa ni Mungu anampenda mtu zaidi, Yesu angelia nini? Si angepiga makofi? Na Paulo, alipowaandikia Wakorintho, hakukiita kifo mgeni wala mjumbe wala mapenzi ya Mungu. Alikiita adui. "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti."

Walutheri wenzangu, sisi tunapenda kubana machozi tuonekane tuna imani. Martin Luther mwenyewe alifiwa na binti yake Magdalena mwaka 1542, mtoto wa miaka 13. Alikiri kwamba anajua mtoto yuko salama, na huzuni ikamkaba vilevile. Kama yeye alilia, wewe unayabana ya nini?

Na ile nyingine, "kazi ya Mungu haina makosa." Ni kweli haina makosa. Lakini dereva mlevi akimgonga kijana wa bodaboda pale barabara kuu, hiyo si kazi ya Mungu. Ni kazi ya mlevi. Tusimsingizie Mungu mbele ya mama wa marehemu. Paulo hakuwaambia Wathesalonike wasihuzunike. Aliwaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini. Huzuni ipo, na matumaini yapo, vyote viwili ndani ya kifua kimoja.

Matumaini gani sasa? Hapa ndipo penye vurugu, maana chumba hiki kina makanisa zaidi ya moja. Ndiyo maana hata mkutano tunauweka Jumapili mchana, ili Msabato awe ametoka kwenye Sabato yake na sisi tuwe tumetoka ibadani.

Kulikuwa na msiba kwa jirani yangu. Marehemu alikuwa Mkatoliki, mtu wa Kibosho. Mumewe Mlutheri wa Machame. Shemeji wa huyo mume ni Msabato kutoka Same, na mnajua kule Upareni Wasabato wapo tangu 1903, hawatishiki kirahisi. Usiku wa tatu, jumuiya imemaliza rozari, wanaume wamezunguka moto, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapita, Msabato ana kikombe chake cha chai ya mchaichai. Ukaanza mjadala.

Kaka wa marehemu akasema dada yake amekwisha kusimama mbele ya Mungu, na kama kuna mawaa yaliyobaki anatakaswa toharani, kwa hiyo ziombwe misa, na tarehe 2 Novemba asisahauliwe. Mume akasema hapana, neema ya Kristo imetosha, mke wangu yuko mikononi mwa Bwana, hakuna mahali pa kumtoa. Shemeji akafungua Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote, akasema dada amelala, hajui huu ni usiku wala mchana, anangoja parapanda. Sauti zikapanda. Mmoja akataja Papa, mwingine akamtaja Luther, wa tatu akataka kwenda kuchukua kitabu nyumbani.

Mama wa marehemu alikuwa pembeni anamenya ndizi za kesho yake. Akaweka kisu chini. Akauliza, "Huyu mwanangu, atafufuka au hatafufuka?"

Wote watatu kwa pamoja: "Atafufuka, mama."

"Basi nyamazeni, watu wamelala."

Mnacheka. Sisemi kwamba tofauti zao ni ndogo. Ugomvi wa Luther wa mwaka 1517 ulianza na vyeti vya msamaha vilivyokuwa vinauzwa, hata kwa ajili ya marehemu walio toharani, na Ulaya ilichinjana kwa mambo ya namna hiyo. Ila yule bibi alishika nguzo ya katikati ya nyumba. Katika Imani ya Mitume, Mkatoliki na Mlutheri, tunamaliza na nini? Ufufuo wa mwili, na uzima wa milele. Mwili! Hatusemi tunaamini roho itapaa kama moshi wa kuni. Wengi wetu hapa, tuseme ukweli, tunafikiri mbinguni ni mahali pa vivuli vyeupe vinavyoimba bila kupumzika. Waathene nao walimsikiliza Paulo vizuri tu mpaka alipotaja ufufuo wa wafu, ndipo wengine wakamcheka. Kwao mwili ulikuwa gereza, nani anataka kurudishwa gerezani? Paulo hakurudi nyuma. Mungu aliyeumba magoti haya yanayoniuma atayafanya mapya haya haya, hatanipa mabawa badala yake.

Tunao mfano wetu wenyewe, hapo juu tu, Old Moshi. Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa pale, pamoja na viongozi wenzake. Wazee wanasimulia kwamba baadaye kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Miaka zaidi ya mia imepita, na ukoo wake umekuwa ukidai kichwa hicho. Mwaka 2023 wasimamizi wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha mafuvu machache ya watu wa huku kwetu yana ndugu walio hai. La Meli halikuwemo.

Kijana mmoja aliniuliza, "Mama, fuvu kavu la nini? Si mtu ameshakufa?" Nikamjibu, wewe ndiye umeiacha imani ya kanisa, siyo wale wazee. Mwili wa mtu si ganda la karanga. Wanaotafuta fuvu wanasema bila kuhubiri kwamba mtu ni pamoja na mwili wake, na kuudharau mwili ni kumdharau mtu. Akaniuliza tena, "Na asiyepatikana je? Aliyezama Ziwa Victoria, aliyeungua akaisha, yeye atafufukaje?" Hilo Paulo alilijibu kwa mfano wa mbegu: uipandayo haihuishwi isipokufa. Mkulima wa mahindi hafukui kutafuta punje aliyoipanda Machi. Anatazama shina. Na Yesu alipofufuka alimwonyesha Tomaso makovu. Alikuja na mwili ule ule, ulioumizwa, na makovu yake. Mungu wa namna hiyo hashindwi na kabati la makumbusho.

Mtaniuliza, je, Meli ataingia mbinguni? Mimi si karani wa mlango ule. Nashukuru Mungu si mimi.

Sasa tuingie kwenye lile ambalo mwenyekiti alitaka nisilitaje. Hukumu.

Hivi mmewahi kusikia wasifu wa marehemu msibani ukisema kweli? Mshereheshaji anasimama na karatasi: marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, mchapakazi, ameacha pengo lisilozibika. Na nyuma kule kwenye turubai la pili yupo aliyekopwa na marehemu hajalipwa, yupo binti aliyekanwa, yupo mke mwenye kovu chini ya kitenge. Wote wanainamisha vichwa. Sisemi tusome madhambi ya watu makaburini, hapana, heshima ni heshima. Lakini wasifu wa kweli upo, na kuna siku utasomwa. "Watu wanavyowekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu." Hukumu ni hiyo: wasifu unasomwa na Yule aliyekuwepo.

Ila tusikimbilie kuusoma sisi. Mnaikumbuka Februari 1, 2020. Viwanja vya Majengo, hapa hapa Moshi. Watu walikuwa wanakimbilia kukanyaga mafuta ya upako, wakakanyagana, wakafa 20. Kesho yake nilisikia sokoni mama mmoja anasema, "Mungu amewaadhibu kwa kufuata miujiza." Na kwenye daladala mwingine anasema, "Wamekwenda mbinguni moja kwa moja, wamefia kwenye maombi." Wote wawili walikuwa wameshamaliza kuhukumu kabla hata miili haijatambuliwa mochwari.

Yesu aliletewa jambo linalofanana na hilo. Luka 13. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu kumi na wanane ukawaua. Akauliza, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe: sivyo. Kisha akawageukia waliokuwa hai: na ninyi msipotubu. Aliwaondoa kwenye kesi ya marehemu akawarudisha kwenye ya kwao. Kumi na wanane kule, ishirini hapa. Waliokwenda Majengo walikuwa na kina mama wanaotafuta uponyaji, watu waliokwisha kuzunguka hospitali na fedha zimekwisha. Mimi niliwahudumia wengi wa namna hiyo. Sina wasifu wa kuwasomea.

Lakini hukumu si jambo la kutisha kwa kila mtu. Kwa aliyedhulumiwa ni habari njema. Nisikilizeni hapa vizuri, hasa nyie baba zangu. Tunalo neno letu, kufa kufaana. Mzee anazikwa Jumamosi, Jumanne baada ya kuanua matanga ukoo unakaa kikao, mjane anaambiwa kihamba ni cha ukoo, wewe ni mgeni, rudi kwenu. Namjua mama mmoja aliyeondoka na sufuria mbili na watoto watatu. Waliomwondoa walikuwa wameongoza sala ya kufunga msiba. Ndefu ile sala! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke kwenye ardhi ni sawa na ya mwanamume, lakini yeye nani angemwambia, na nauli ya kwenda baraza la ardhi angeitoa wapi?

Basi someni Marko 12:40. Wanaokula nyumba za wajane, na kwa unafiki kusali sala ndefu, hao watapata hukumu iliyo kubwa. Ni Yesu huyo, siyo mwanaharakati wa haki za wanawake. Mwambieni yule mama kwamba hakuna hukumu, kwamba Mungu ni upendo tu na atapitisha kila kitu. Mtakuwa mmemnyang'anya kihamba mara ya pili.

Mlutheri mwenzangu pale ananitazama. Najua. Anataka kuuliza, je, hatuokolewi kwa neema, kwa njia ya imani? Ndiyo baba. Lakini Mathayo 25 ni yule yule Bwana, anawatenganisha kondoo na mbuzi, na maswali yake ni ya jikoni: nalikuwa na njaa, nalikuwa uchi, nalikuwa mgonjwa. Nimelifikiria hilo kwa lugha ya kazi yangu. Kipimajoto hakiponyi homa. Hata umweke mgonjwa vipimajoto kumi, homa haitashuka. Lakini kinasema kweli ya kilichomo ndani. Chakula ulichompa jirani hakikununulii mbingu, kinaonyesha tu kama uzima umo ndani yako au haumo.

Na kwa aliyechelewa? Kuna mwizi. Yule wa msalabani hakupata nafasi ya kurudisha hata kuku mmoja. Alichokuwa nacho ni sentensi moja, akajibiwa, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Nimewasimulia habari yake watu wengi saa tisa za usiku. Sijaona inayofaa zaidi saa hiyo.

Uzima wa milele sitauzungumza sana, dakika zimekwisha na mweka hazina anakohoa. Niseme tu kwamba tunauhesabu kwa miaka, kama pensheni isiyokatika. Yesu aliueleza kwa namna nyingine kwenye Yohana 17:3: uzima wa milele ndio huu, wakujue wewe. Kujua, kama mtu anavyomjua ndugu yake. Kwa hiyo huanzia hapa, na mengine yote ni kwamba kifo kinashindwa kuukata.

Nimalize na mzee mmoja wa Marangu. Saratani ya koo, hawezi kumeza hata uji. Yeye na mdogo wake walikuwa hawajasemeshana miaka 14, kisa ni mpaka wa kihamba uliosogezwa hatua mbili. Nani alisogeza, kila mmoja na yake. Usiku ule nilimuuliza kama nimwitie mchungaji. Akasema, "Bado sista. Una simu?" Nikampigia mwanawe, nikamshikia simu sikioni. Akamwambia, "Kata isale. Mpelekee baba yako mdogo. Usiseme neno, mpe tu."

Vijana wa siku hizi, isale ni ule mmea wa majani marefu mnaouona mipakani na kwenye makaburi ya wazee. Na ndio huo wa kuombea msamaha. Ukiletewa isale, kwa mila yetu, hukatai.

Mtoto akauliza, "Baba, nikate la wapi?"

"Lile la pale mpakani."

Kesho yake asubuhi mlinzi wa getini akaniita, kuna mzee analazimisha kuingia na si saa ya kuona wagonjwa. Amekuja na Hiace ya kwanza, koti limelowa mvua, ameshika isale limefungwa kwenye gazeti. Nikamwingiza. Akasimama miguuni pa kitanda muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka."

Nikavuta pazia, nikaenda kuandika ripoti.

Yule mzee alifariki siku ya tatu. Kwa taratibu za wodi, vitu vya marehemu vinaorodheshwa na ndugu anasaini. Niliandika: shati moja, viatu jozi moja, Biblia moja, isale moja. Aliyesaini ni mdogo wake.